Krismasi Hii, Ilipe Kwaya Yako

Ndugu msomaji, ombi langu kwako Desemba hii sitalizungusha. Kabla ya mkesha wa Krismasi, nunua albamu moja ya kwaya unayoipenda. Inunue kwa pesa yako, kutoka kwa wanakwaya wenyewe au kwa njia waliyoitaja wao, na ukishaisikiliza, tafuta jina la aliyetunga wimbo uliokugusa zaidi, ulijue. Hayo mawili tu. Wengi wetu tumeishi na nyimbo za kwaya tangu utotoni. Tumefunga nazo ndoa, tumezika nazo wazazi, na hatujawahi kuzilipia hata shilingi.

Nianze na nyimbo za watu wa mbali, kwa sababu ndizo zinazotuonyesha Krismasi inaweza kumfanyia nini mtunzi.

Katikati ya Novemba ikishapita, ingia duka kubwa lolote Nairobi, au pita stendi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam, wakati watu wanapanda mabasi kwenda kula sikukuu Moshi na Bukoba. Utawasikia Boney M. Utamsikia na Jim Reeves, Mmarekani aliyetoa albamu yake ya nyimbo kumi na mbili za Krismasi mwaka 1963, akafa katika ajali ya ndege Julai 1964, na bado kila Desemba sauti yake inarudi majumbani mwetu kama ya mjomba aliyekuja likizo. Boney M. walikuwa kundi la Ujerumani Magharibi lililoundwa na mtayarishaji Frank Farian, waimbaji wake wakiwa watu wa visiwa vya Karibi. Albamu yao ya Krismasi ilitoka mwaka 1981, ikaja huku kwa kanda, na haijaondoka. Mimi nazipenda nyimbo hizo. Simwambii mtu azizime.

Ila kuna habari moja ndani yake ambayo kila mwanakwaya wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua. Wimbo wa Boney M. unaopigwa sana kwetu, ule unaosimulia mtoto wa Mariamu, ulitoka mwaka 1978 kwa jina Mary's Boy Child – Oh My Lord, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza Krismasi ile. Wengi hudhani ni wimbo wao. Aliyeutunga ule wa asili ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1901, mjukuu wa watumwa, na kazi yake ilikuwa kufundisha na kuongoza kwaya. Mwalimu wa kwaya, kama yule unayemwona Jumapili amewapa waumini mgongo, mikono hewani.

Tuni yake aliitunga kwanza kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ya rafiki. Baadaye, mwaka 1956, Walter Schumann, kiongozi wa kwaya moja ya Hollywood, akamwomba wimbo mpya wa Krismasi, naye akaitia tuni ileile maneno mapya. Harry Belafonte akausikia kwaya ikiuimba, akaomba ruhusa kuurekodi. Rekodi ya Belafonte ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja Uingereza peke yake. Mwaka 1978 Boney M. nao wakavuka milioni huko huko. Hairston alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 98, na wimbo ulipopita kutoka santuri kwenda kanda, kutoka kanda kwenda sidii, jina lake liliendelea kuandikwa chini yake. Jina hilo ndilo linalomletea mtunzi malipo, na akifa, huwafikia warithi wake.

Kwa wenzetu wa Marekani na Ulaya, Krismasi ni msimu mkubwa wa kuuza muziki. White Christmas ya Bing Crosby, iliyorekodiwa mwaka 1942, inakadiriwa kuuzwa nakala milioni 50. Iliagizwa mno, hadi rekodi mama iliyotumika kutolea nakala ikachakaa, na mwaka 1947 Crosby akarudi studio kuuimba upya. Albamu ya Krismasi ya Elvis Presley ya mwaka 1957 inahesabiwa kuwa ndiyo iliyouzwa kuliko zote za aina yake Marekani. Mwaka 2007 Josh Groban alitoa albamu iitwayo Noël mwezi Oktoba, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imeuzwa Marekani kuliko albamu nyingine yoyote ya mwaka ule, hata zile zilizotangulia tangu Januari. Na wimbo wa Mariah Carey wa mwaka 1994, All I Want for Christmas Is You, ulishika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Billboard kwa mara ya kwanza Desemba 2019, miaka 25 baada ya kutoka.

Siri yake haina uchawi. Albamu ya kawaida huuzwa miezi michache, ikasahaulika. Ya Krismasi huwekwa kabatini Januari na kutolewa tena Desemba, miaka nenda miaka rudi, na watu huinunua kumpa mzazi, jirani, mfanyakazi mwenzao. Kila ikirudi inamkuta mtunzi ameandikwa jina, na kila ikipigwa redioni au dukani pana utaratibu wa kumtafutia haki yake.

Sisi nyimbo hizo tunazo, tena si haba. Kwa miongo mingi Redio Tanzania Dar es Salaam iliziita kwaya studio kurekodi, na kanda zilipoingia, kwaya zikafika mahali ambapo hata gari halikufika. Kwaya kama Mapigano Ulyankulu na Barabara ya 13 zilitoka katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Watu waliofika mikono mitupu wakaimba hadi nchi nzima ikawajua. Chang'ombe, Makuburi, Kijitonyama, Makongoro ya Mwanza: kwa msikilizaji wa kwaya haya ni majina ya waimbaji kabla ya kuwa majina ya mitaa. Ukivuka mpaka, Nairobi, Bujumbura na Lubumbashi nako Kiswahili kinaimbwa kwa sauti nne kila Jumapili. Kipaji kipo. Kinachokosekana ni mkono wa msikilizaji mfukoni mwake.

Nenda kanisani kwako jioni moja ya Majilio, ukae benchi la nyuma. Utawakuta wamefika moja kwa moja kutoka kazini: muuza mitumba, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeruhusiwa nyumbani kwa shida. Katika makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia, nyimbo za Noeli haziimbwi ibadani mpaka mkesha, kwa hiyo zinafundishwa milango ikiwa imefungwa. Sauti ya kwanza wamekwisha kushika. Sauti ya nne wanakwama pale pale. Mwalimu anabonyeza kinanda kwa kidole kimoja, anawaimbia so, mi, re, do, wanarudia, wanakosea, wanarudia tena. Mama wa sauti ya pili ana mtoto mgongoni, anambembeleza huku anaimba. Hakuna anayelipwa. Nauli ni yao, na kitambaa cha sare ya sikukuu kimenunuliwa kwa michango ya kila mwezi ambayo mhazini anaiandika kwenye daftari la kaunta, jina kwa jina, na aliyepungukiwa anasubiriwa.

Kisha tazama karatasi waliyoshika. Ni nakala iliyotolewa nakala, ikatolewa nakala tena. Watunzi wetu wana desturi nzuri ya kuandika juu, upande wa kulia, jina lao, mahali walipokuwa na tarehe waliyomaliza wimbo. Mashine imeukata ukingo huo. Imebaki mikia ya herufi. Mwalimu akiulizwa wimbo ni wa nani, anajibu kwamba aliupokea kwa mwalimu aliyemtangulia, na yeye hakumwambia. Hapo ndipo Jester Hairston wetu wanapopotea, na upotevu huo hauhitaji mwizi. Unahitaji mashine ya nakala na mtu asiyejali.

Nikilitazama jambo hili lote, karatasi ile ndiyo inayoniuma zaidi. Wapo waliopona: mpenzi yeyote wa muziki wa Kikatoliki atakutajia John Mgandu au Bernard Mukasa bila kufikiri. Lakini kwa kila anayetajwa, wapo wengi waliotunga wimbo unaoimbwa mkoa mzima na hata wajukuu wao hawajui kwamba ni wa babu.

Naomba tutazame mfano mmoja wa upande wa pili, maana ni wa Kiswahili. Mwaka 2005 Christopher Tin, Mmarekani, alitia muziki sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Mwaka 2011 kazi hiyo ikapata tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Leo kwaya za shule na vyuo katika nchi nyingi zinaiimba, na kurasa za nota zake zinauzwa. Nafurahi Kiswahili kimefika huko, na Tin amestahili kila alichopata, kwa sababu alifanya kazi nzuri na akaitunza: aliiandika nota zote, akaweka jina, akaichapisha. Hakuna sababu mtunzi wa Mwanza au Kitui asifanye vivyo hivyo.

Sasa nirudi kwako, msomaji, kwa maana wanakwaya peke yao hawataweza.

Unaujua uzinduzi wa albamu. Kadi zinasambazwa, mgeni rasmi anaalikwa, kwaya rafiki zinakuja, na mgeni anainunua nakala ya kwanza kwa kiasi kikubwa cha pesa huku vigelegele vinapigwa. Ni desturi njema na imezilipia kwaya nyingi gharama za studio. Lakini siku inayofuata, sisi tuliopiga vigelegele tunakwenda kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, tunatoa flashi, tunajaziwa albamu ileile pamoja na nyingine thelathini kwa bei ya soda. Mwenye kibanda kapata chake, sisi tumepata nyimbo, na kwaya iliyolala studio usiku tatu haina habari. Mwenye kibanda naye anatafuta mkate wa watoto, sitaki tumgeuze adui. Sisi wanunuzi tukidai nakala halali, naye atauza nakala halali.

Siku hizi kulipa kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Kwaya nyingi zina lipa namba au till namba, na mtu aliyeko Songea anaweza kuilipa kwaya iliyoko mkoa wa mbali kabla chai haijapoa. Wengine wameweka kazi zao Boomplay, Spotify na YouTube. Kama huna uwezo wa kununua, bado una cha kufanya: tafuta chaneli ya kwaya yenyewe, ujisajili, na usikilize hapo. YouTube haianzi kugawana mapato kamili ya matangazo na chaneli mpaka iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Kwaya ya usharika mmoja ikipata waumini wake wote kujisajili, kizingiti cha kwanza kimekwisha. Ukisikiliza wimbo huohuo kwenye chaneli ya mtu aliyeupakua na kuupandisha upya, akaweka na namba yake ya simu juu ya picha, hesabu zote zinakwenda kwake.

Ndugu zetu mlioko ughaibuni, ninyi mna uzito wa pekee hapa. Tangazo linaloonekana Marekani au Ulaya hulipiwa zaidi ya linaloonekana Dodoma, kwa hiyo saa moja yako ya kusikiliza kwenye chaneli halali inaifaa kwaya kuliko saa moja yangu. Makanisa ya Wakongomani na Warundi huko Marekani yanaimba nyimbo za nyumbani kila wiki. Naomba nanyi mziimbe mkitaja zimetoka kwa nani, na mkizirekodi, muwaombe ruhusa wenyewe.

Mapadre na wachungaji, nawasihi kwa heshima. Baada ya misa ya mkesha, wakati wa matangazo, chukueni dakika mbili kutaja nyimbo mpya zilizoimbwa na watunzi wake. Ruhusuni meza ya kwaya iwekwe mlangoni bila kusukumwa nyuma ya vitabu na rozari. Na kabla albamu haijarekodiwa, ketini na kwaya mwandike nani ni mwenye kazi: mtunzi ana fungu gani, kwaya fungu gani, parokia au usharika fungu gani. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao, watu watie sahihi. Ugomvi mwingi unaovunja kwaya huja albamu ikishapendwa, si kabla, na huja kwa sababu siku ya furaha hakuna aliyetaka kuzungumza habari ya pesa.

Walimu wa kwaya, andikeni jina la mtunzi katikati ya ukurasa, si pembeni, ili mashine ya nakala isilipate. Liandikeni kwenye kila ukurasa. Karatasi za zamani zilizokatika, zipelekeni kwa wazee wa kwaya wakiwa hai, muwaulize. Na mtunzi ajue kwamba sheria iko upande wake: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina yake ya mwaka 2001, na zote mbili zinailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo unalindwa hata kabla ya kusajiliwa, lakini usajili ndio ushahidi mtakapofika mbele ya mtu anayekataa. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, ile ya Kenya, mkaandikishe.

Watangazaji wa redio, mkicheza wimbo wa kwaya, tajeni kwaya na mtunzi kama mnavyomtaja msanii wa bongofleva, na mwandike mlichocheza. Mirabaha haiwezi kugawanywa kwa haki kama kituo hakina kumbukumbu ya nyimbo zilizopita hewani. Kwa upande wenu ni mstari mmoja kwenye fomu. Kwa mjane wa mtunzi unaweza kuwa ada ya muhula.

Nimeandika habari za Krismasi, lakini wito huu si wa Wakristo peke yao. White Christmas niliyoitaja ilitungwa na Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika dola ya Urusi mwaka 1888. Haki ya mtunzi haiulizi dini yake wala ya msikilizaji. Vikundi vya kaswida vinavyosikika Maulidi na Idi, na vikundi vya taarabu vinavyosherehesha harusi zetu kutoka Unguja hadi Lamu, vinapitia yaleyale ya flashi na majina yaliyokatika. Ndugu zangu Waislamu, Idi ikifika, fanyeni kwa kaswida zenu haya ninayowaomba Wakristo wayafanye kwa kwaya zao.

Na katika zawadi mnazopanga sasa, kati ya kanga, unga wa sikukuu na soda za watoto, wekeni albamu. Mpelekee mama kijijini kwenye flashi uliyoinunua kwa kwaya, na karatasi ndani yenye majina ya nyimbo na watunzi, uliyoiandika kwa mkono kama kwaya haikuichapa. Mama atauliza huyu ni nani. Mweleze. Kama una duka, hoteli au basi, piga Boney M. asubuhi ukipenda, na mchana piga kwaya ya mtaa wako, nakala uliyoilipia.

Jumapili ijayo ibada ikiisha, usikimbilie getini. Muulize katibu wa kwaya albamu inauzwa shilingi ngapi, ulipe, na umwambie akuandikie jina la mtunzi.